Meno ya Sproketi na Mkono wa Somoe

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata sasa nilivyochoka na magoti hayanisikii tena. Korosho zilikuwa zimeshauzwa, na kwetu Mahurunga kila upande ngoma, watoto wanatolewa unyagoni. Kwetu mjomba ndiye anayembeba mwali mabegani siku ya kutoka. Mpwa wangu Somoe, binti wa dada yangu, alikuwa ndani akisubiri mabega yangu. Mimi nikaona mabega ni mambo ya kizamani. Nina pikipiki.

Na pikipiki yenyewe nilikuwa nimeichezea. Niliipeleka kwa fundi Saidi abadilishe sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni: ya mbele apunguze meno, ya nyuma aongeze, na cheni aikate kwa kipimo kipya. Ukifanya hivyo inaondoka kwa nguvu, ila kasi ya barabara ndefu inaikosa, injini inalia tu. Nilimwambia fundi ni kwa ajili ya mchanga wa Msimbati. Uongo. Vijana wa Msimbati walikuwa wananyanyua tairi la mbele wanashangiliwa, nami nilitaka vigelegele vyangu.

“Hamisi, meno umeongeza,” fundi akaniambia, “akili je?”

“Funga, fundi. Maneno baadaye.”

“Basi zunguka nayo peke yako siku mbili tatu. Hii siyo ile uliyoizoea.”

Fundi huyo alikuwa akifanya kazi huku anatafuna muhogo mbichi, na sijaona apoteze nati hata moja. Tuyaache. Mimi nilicheka nikaondoka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lililovunjika halikuwa langu, wala halikuwa guu.

Siku ikafika kabla sijazunguka nayo. Somoe akatolewa, kafunikwa kanga mpya, macho chini. Mwali hasemi neno mpaka akalishwe mkekani mbele ya wazee, ndivyo alivyofundishwa. Nikampakia nyuma.

“Mjomba, umebeba mtu, siyo gunia!” akina mama wakanipigia kelele.

Nikaachia klachi kama nilivyozoea, nikavuta mafuta kama nilivyozoea. Pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyeona chui. Tairi la mbele likapanda, vigelegele vikapanda nalo, halafu vikakatika. Nilipogeuka Somoe yuko vumbini, mkono wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Na hakulia. Alifundishwa kunyamaza, akanyamaza.

Kaka yake mama yangu, mjomba wangu mimi, akaja akichechemea. Nilingoja bakora. Akaniuliza tu:

“Mtoto kakaa ndani siku zote hizo. Wewe ulikuwa unamkimbiza wapi?”

Mkeka ulikuwa pale pale, hatua thelathini hazifiki. Mzee akainama na uzee wake wote, akambeba Somoe mikononi, akamkalisha. Hapo ndipo mtoto akalia. Mpaka leo nikichoka sana nakisikia kile kilio. Kisha tukamkimbiza hospitali, safari hiyo kwa gari la watu.

Mkono ulipona vibaya. Somoe sasa ni mama wa watu, analima mpunga bondeni kule mto Ruvuma, jembe analiongoza kwa kushoto. Tukikutana ananiambia “Shikamoo mjomba,” anacheka, ananipa mchele. Hajanilaumu hata siku moja. Angenitukana walau mara moja, ningepumzika.

Nawe mwanangu, nakuona unapita hapa barazani na sproketi kwenye mfuko. Sikukatazi. Mchanga wetu unataka nguvu, na mimi niliyeishia darasa la nne sina cha kumfundisha mtu wa leo. Ila chombo ukikibadilisha, wewe hujabadilika nacho: mkono wako bado unakijua cha jana. Zunguka nacho peke yako kwanza, hata wiki. Nguvu ya kuondoka si ya kuonyeshea watu. Na anayekaa nyuma yako muulize kama yuko sawa. Wako wasioweza kusema, mgonjwa, mtoto, mwali, hao wasemee wewe, ujiambie mwenyewe “polepole.”

Haya, nenda, jua linapanda. Mungu akulinde njiani na mikono yako aitulize, na kila utakayembeba ashuke kwa miguu yake mwenyewe.