Nilivyomshinda Mtani Wangu kwenye Yoyo

Yoyo ilimrudia Evaline usoni kama vile imetumwa na mtu.

Na kweli ilikuwa imetumwa na mtu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Uwanja mzima ulicheka siku ile, na mimi nikacheka kuliko wote. Leo nina mke, nina watoto watatu, nina nywele nyeupe mbili tatu ambazo mke wangu anazing'oa akiniona nimesinzia, lakini kile kicheko changu bado nakisikia.

Jina langu Otto. Mngoni wa Songea, mtaa wa Msamala. Haya mambo sijawahi kuyasema popote, kwa hiyo mnivumilie nikisuasua.

Ilikuwa mwaka 1996. Wenye umri wangu mnakumbuka zile zama. Vitu vilijaa madukani, mitumba mpaka barabarani, redio za kaseti kila kona. Huku vitu vinaingia, huku watu wanapunguzwa kazi. Kiwanda cha serikali kinauzwa, wafanyakazi wanapewa barua, basi.

Ndipo kampuni moja ya soda ikaleta yoyo.

Unakusanya vizibo kumi, unaongeza shilingi mia na hamsini, unapewa yoyo nyekundu ya plastiki. Songea nzima ikaingia wazimu. Makonda, wauza nyanya, mpaka katekista wetu alikamatwa nayo nyuma ya kanisa. Kila mtu kidole kimefungwa kamba.

Baba yangu, mzee Baltazar, alikuwa na duka, na soda tulikuwa tunauza. Kwa hiyo vizibo kwangu havikuwa shida. Nilikuwa na yoyo nne. Nina miaka kumi na minane, kidato cha nne nimemaliza na matokeo ya kuficha, kazi yangu ni kukaa kibarazani kwa baba na kuuza sura.

Evaline alikuwa na yoyo moja. Vizibo vyake aliviokota kwenye mabaa, asubuhi, kabla hawajafagia.

Alikuwa na miaka kumi na saba. Mhehe. Baba yake, mzee Kihwele, aliletwa Songea na kazi ya kiwandani, na wakawa majirani zetu. Kwa ambao hamjui, Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu walipigana vita mpaka wakachoka, sisi wajukuu tumebaki na kutaniana. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia kichwani mbele za watu, ukakasirika ukaonekana mshamba wewe. Ila mwisho wa yote kofia inarudi. Mtani hakudhuru.

Siku niliyomfundisha ile mbinu ya kutembeza mbwa, yoyo inabingirika chini kama imefungwa kamba shingoni, nikamtupia ule utani wetu kwamba Wahehe hula mbwa, "Mtani, angalia usije ukamla."

"Na wewe angalia asikukimbize," akasema. "Mngoni tunajua mbio zako, tulizianza sisi."

Tulikuwa hivyo kila siku. Baba alikuwa akimwona Evaline anakuja dukani, anaficha kofia yake kabla hata hajasalimiwa.

Shida ni kwamba ndani ya mwezi mmoja Evaline alinipita.

Kwenye yoyo kuna kitu tulikiita kulaza. Unairusha chini, badala ya kurudi inabaki palepale chini ya kamba ikizunguka, imelala. Yangu ililala sekunde tisa, nikiwa na bahati kumi. Yake ililala kumi na tatu. Nilisema ni upepo.

Likaja gari la matangazo na spika juu. Mashindano ya mkoa! Jumamosi, uwanja wa wazi jirani na soko! Mshindi wa kwanza shilingi elfu sitini taslimu! Wa pili fulana na kofia!

Elfu sitini. Mwalimu wetu alikuwa hapati hizo kwa mwezi.

Jioni ile Evaline alikuja dukani, akakaa kwenye gunia la mahindi, hatanii.

"Otto, baba kapewa barua. Nyumba ni ya kiwanda, tunatakiwa kutoka mwisho wa mwezi. Anasema turudi Iringa."

"Eeh! Sasa?"

"Mama anajua kushona. Tukipata cherehani atakaa kibarazani hapa Msamala, tutapanga chumba, nitamaliza shule. Butterfly mpya ni elfu hamsini na tano. Nimeuliza."

Halafu akaniangalia.

"Nikishinda hatuondoki."

Nilimwambia, "Utashinda, mtani." Nilisema kwa moyo kabisa. Nataka mjue hivyo, kwa sababu baadaye mtanifikiria vibaya, na mtakuwa na haki.

Jumamosi watu walijaa. Walikuja mpaka wa Namtumbo. Baba alifunga duka, kitu alichokuwa anafanya kwa misiba na Pasaka tu, akasaidia kupeleka kreti za soda kwenye meza ya waamuzi.

Tulianza watu arobaini na kitu. Ilipofika saa kumi tulibaki wawili. Mnawajua.

Washkaji zangu walikuwa mbele, wananiita kidume, wananiita bingwa. Kuna mmoja, Derick, akapiga kelele, "Otto, ukipigwa na demu hamia Nakapanya, porini huko!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka pia, lakini masikio yalikuwa yanawaka moto.

Sikuwa na njaa. Sikuwa na baba aliyepewa barua. Nilikuwa na kitu kimoja tu, kuogopa kuchekwa. Hicho ndicho kilichonifanya.

Kabla ya fainali, mwamuzi alitaka yoyo zote mbili ziwekwe mezani zikaguliwe, maana kuna mtu wa mzunguko wa kwanza alipaka mafuta ya cherehani ndani. Akazikagua, akaridhika, akaenda kunywa soda. Tulikuwa tunacheza kulaza, mmojammoja, mrusho mmoja tu. Evaline alikuwa pembeni anaongea na mama yake.

Yoyo yake ilikuwa mbele yangu.

Waliocheza wanajua. Kamba ya yoyo imesokotwa, na kule chini imezunguka mhimili kwa kulegea. Kule kulegea ndiko kunakoifanya ilale. Ukiiacha ining'inie ukaizungusha upande wa kukaza, kamba inaubana mhimili. Ukirusha, hailali hata nukta moja. Inarudi mbio na hasira zake zote. Na kwa macho huoni kitu.

Niliizungusha. Mara kumi, mara ishirini. Nikaanza kuiviringisha.

"We Mngoni! Unafanya nini?"

Evaline alikuwa amesimama nyuma yangu.

Mdomo ukawahi.

"Aah, mtani! Nilikuwa nakutisha tu. Nimekukazia, nikakulegezea. Shika."

Akaniangalia. Nikatabasamu. Na yeye akatabasamu, akanipiga kibao cha bega.

"Utalipa ng'ombe wewe."

Akaipokea. Hakuijaribu. Kuilegeza ingemchukua kama sekunde tano, unaiacha ining'inie, inajifungua yenyewe. Lakini mtani wake alikuwa amesema ameshalegeza, na spika ilikuwa inaita jina lake.

Akavaa kamba kidoleni. Akaomba, nilimwona anapiga ishara ya msalaba. Akarusha.

Pa!

Ilimpiga juu ya jicho. Damu ikatoka kidogo. Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

Mimi nililaza sekunde nane. Nane! Hata nyumbani nisingejisifia.

Wakanibeba juu. Nikapewa bahasha. Evaline akapewa fulana, akaitumia kufutia damu.

Sasa ngoja niwaambie sehemu inayoniuma kuliko hiyo.

Jioni Evaline alikuja kwetu, plasta juu ya jicho, anacheka. Nawaapia anacheka. Akasimama mlangoni na mkono ameunyoosha.

"Haya Mngoni, umenipata. Nimekubali, umenipata kweli kweli. Sasa lete."

"Lete nini?"

"Otto, mama ananisubiri. Lete basi."

Alidhani utani bado unaendelea. Alidhani nimechukua elfu sitini kama mtu anavyochukua kofia, na sasa nitaivua nimrudishie, tucheke, yaishe. Katika akili yake hakukuwa na namna nyingine ya kulielewa jambo lile.

Nikamwambia, "Mashindano ni mashindano, mtani."

Uso wake ulizima taratibu. Mkono ukabaki umenyooka kidogo, kama umesahaulika pale.

"Kumbe hukuwa unatania," akasema.

Akaondoka. Hakunishtaki. Angesema nini? Kwamba mtani wake kamtania? Watu wangemcheka mara ya pili.

Mwisho wa mwezi walipakia vitanda kwenye lori la mahindi wakaenda zao Mafinga, kwao Iringa. Sikwenda kuaga. Nilijifungia chumbani nikisubiri lori lipite.

Elfu sitini? Nilinunua raba mtoni, zile za kutoka Ulaya, jinzi moja, na soda kwa washkaji. Wiki tatu mshiko ukaisha. Yoyo nazo zikapotea mjini kama zilivyokuja.

Mwaka 2004 baba alifariki.

Alifia hospitali, sukari. Tukamweka nyumbani, ndugu wakaja kutoka pande zote. Siku ya mazishi, saa nne, shangazi Skolastika akasikika uani anapiga vigelegele vya machozi.

"Mhehe kaja! Leo tutacheka kwenye hiki kilio!"

Nikageuka. Evaline.

Mama mtu mzima sasa, kitenge kizuri amekishona mwenyewe, inaonekana. Alama juu ya jicho ipo.

Mnajua kazi ya mtani msibani. Basi Evaline aliifanya. Alivaa kofia ya marehemu, akatembea kama baba anavyotembea, akakemea watu kama baba anavyokemea wadeni wake. Akakaa juu ya jeneza, akasema Mngoni huyu hatoki hapa mpaka mtani wake apewe kuku, kazoea kukimbia bila kulipa. Watu walicheka huku wanalia. Shangazi alicheka mpaka akashikwa na mtu. Alimtania padri. Aliwatania wadogo zangu mmoja baada ya mwingine, wakatoa noti.

Alipofika kwangu, alishuka, akavua ile kofia, akanipa mkono.

"Pole sana, kaka Otto."

Basi. Akapita.

Shangazi akauliza, "Mbona huyu humgusi? Si ndiye mfiwa mkubwa!"

"Huyu nampa pole tu, shangazi," akajibu kwa heshima zote.

Jamani, sijawahi kutamani kutukanwa kama siku ile. Nilitamani anipake majivu, anivue kiatu, aniite mwizi kwa sauti. Alinisalimia kama mtu wa benki.

Tulizika saa nane. Baada ya chakula nilimkuta nyuma ya ghala anaosha mikono. Nikasema, "Mtani, mbona mimi hunitanii?"

"Nilishakutania, ukanichukulia cherehani ya mama."

Nikauliza swali la kijinga, "Sasa msiba wa baba ulijuaje?"

Akajifuta mikono polepole.

"Wewe hujui kweli?"

"Sijui nini?"

"Miezi mitatu baada ya sisi kuhama, baba yako alishuka kwenye basi Mafinga na Butterfly mpya. Ameikumbatia kama mtoto. Hakutaka hata kukaa. Akamwambia mama, 'Siku ile nilikuwa nimeinama nyuma ya meza napanga kreti. Nilimwona mwanangu na mikono yake.'"

Nilishika ukuta wa ghala.

"Tukampenda kuliko ndugu," akaendelea. "Kila akienda Dar kufuata mali alikuwa analala kwetu. Na kila akija namuuliza, 'Mzee, Otto ameshakwambia?' Anasema, 'Bado, ila atasema. Nikimuuliza mimi atakubali kwa kuniogopa. Nataka aje mwenyewe.' Akatukataza tusikwambie."

"Na... mara ya mwisho?"

"Nilikuja hospitali wiki iliyopita, wewe ulikuwa umetoka. Nikamuuliza."

"Akasema nini?"

"Akasema bado."

Nililia pale kama mtoto mchanga. Nikaanza kutapatapa, nitakulipa Evaline, elfu sitini, laki, laki tatu, nitauza kiwanja, taja wewe.

Akanitazama bila chuki. Afadhali ingekuwepo chuki.

"Mimi nilishalipwa, kaka Otto. Aliyenilipa mmemfukia saa nane."

Akachukua mkoba wake akaenda kuwaaga akina mama. Nikasikia kule uani wanaangua kicheko tena, shangazi kapigwa dongo jipya. Mimi nikabaki nyuma ya ghala.

Sasa ninyi mtauliza, Otto, umeandika yote haya tujifunze nini?

Sina kubwa. Ila kama kuna kitu ulikifanya, na kuna mtu wako ungetakiwa umwambie, usijidanganye kwamba hajui. Inawezekana anajua tangu siku ile ile, na anachosubiri si habari, ni wewe.

Mzee Baltazar alisubiri miaka minane. Kila jioni tulikula ugali meza moja, yeye huku mimi kule, na mimi nikawa namwambia habari za mpira.