Mtani Aliyenichagulia Spika

Kabila lake silitaji. Watani zangu wengine wa kabila hilo ni watu wema, na mmoja wao alimbeba mama yangu mgongoni hadi zahanati mvua ikinyesha. Nitasema tu kwamba alikuwa fundi redio mjini Shinyanga, mwenye kibanda nyuma ya soko, na kwamba sisi Wasukuma tunataniana na watu wake tangu mababu walipobeba mizigo ya misafara kwenda pwani. Mtani akikuita ng'ombe, unacheka. Akiondoka na kofia yako msibani, unaikomboa kwa kuku, na bado unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Miaka ya sabini ikielekea ukingoni nilikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, na nilikuwa na santuri moja tu, ndogo, ya baba yangu. Sisemi kwamba aliinunua. Aliimba humo. Ujanani alikuwa manju wa ngoma huko Mhunze; wakaja watu na gari la kurekodi, wakamwimbisha wimbo wa kulimia, na mwaka uliofuata wakamletea nakala moja. Hakuwahi kuisikia sawasawa. Gramafoni pekee aliyoijua ilikuwa ya mwalimu mmoja, na ilimfanya aimbe kwa pua. Sasa alikuwa mzee, kifua kinambana, nami nikaapa kwamba hatakufa kabla hajajisikia.

Niliapa hivyo kibandani kwa fundi, mbele yake.

Mimi nilikuwa nimeshaipenda redio-gramu moja ya kabati dukani kwa Mhindi, mbao zake zinang'aa, redio na mashine ya santuri humo humo. Mtani akacheka hadi akaweka chini chuma chake cha kulehemu.

"Wewe Msukuma, unanunua jeneza? Humo kikifa kimoja vimekufa vyote. Nunua kipande kipande. Nitakuchagulia mimi."

Nikamwachia achague. Alianza na mashine. Aliniambia nisitazame sura, nitazame mkono unaobeba sindano. Akanishika kidole na kunifundisha kukizungusha kile kiuzito cha nyuma, polepole, mpaka sindano iguse santuri kama inzi anavyotua.

"Mkono mzito unakula santuri, mtani. Kila ukipiga unammega mzee."

Maneno hayo nayakumbuka kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kusikia kanisani. Mashine tuliipata kwa Mzungu wa migodini aliyekuwa akirudi kwao, na baiskeli yangu ikaenda kwa ajili yake. Nikaanza kwenda kazini kwa miguu, nikipiga mluzi.

Kwenye amplifaya tulibishana. Mimi nilitaka ile ndogo, yenye sauti safi. Yeye akang'ang'ania kubwa, nzito, yenye nguvu ya kuamsha mtaa. Spika ndizo zilizonishangaza zaidi. Alizileta kwa mkokoteni, mbili, kila moja inanifika kifuani, mali ya bendi ya dansi iliyokuwa imevunjika. Mke wangu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, hizi ni za kwetu au za harusi? Sisi tutakaa wapi?"

"Spika kubwa haichoki, shemeji," akajibu fundi, na akazisukuma ndani. Kiti kimoja kikahamia uani. Tulipoijaribu sauti, chokaa ilidondoka ukutani. Nilijiambia kwamba fundi ni fundi, mimi ni mtu wa marobota ya pamba.

Baba alikuja kuishi nasi baada ya mavuno. Nilimkalisha katikati ya spika, akavua kofia kana kwamba ameingia kwa mkubwa fulani. Nikashusha sindano. Sauti ya kijana ikajaa chumbani, na majembe yanasikika nyuma yake yakipiga ardhi kwa pamoja. Baba hakutikisika. Mwisho kabisa wa wimbo, kabla ya kimya, kuna mtu anakohoa kidogo.

"Ng'wana wane," akaniambia, mwanangu, "huyo anayekohoa ni mimi. Vumbi la siku ile." Akacheka na kulia pamoja. Jioni zile zote alingoja kikohozi chake kama mtoto anayengoja mkia wa hadithi.

Alifariki masika yaliyofuata. Fundi alikuja msibani na kufanya utani wake wote: alivaa koti la marehemu, alilala penye kitanda chake na kudai uji, waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Nilimshukuru moyoni. Kisha akaanza kubeba vyombo, mashine na santuri ikiwa juu yake, amplifaya, spika, vyote akavipakia kwenye gari la mizigo.

"Mtaleta mbuzi!" akapiga kelele. Na sisi tukacheka, kwa sababu ndiyo desturi. Kitu cha msibani hukaa kwa mtani siku mbili tatu, hakitumiki, kinakombolewa.

Matanga yalipokwisha nilikikuta kibanda kitupu. Jirani yake akaniambia amehamia Masumbwe, amefungua baa kwenye njia ya wachimbaji wa dhahabu. Hata hapo sikushuku. Nilinunua beberu, nikampandisha kwenye lori, nikaenda.

Niliposhuka nilimsikia baba toka barabarani. Jenereta inanguruma, na juu yake baba anaimba. Nakiri nilifurahi, nikamvuta mbuzi mbio.

Ndani, spika zimesimama katika vijumba viwili vya saruji vilivyojengwa ukutani, zimeenea bila kubaki hata upenyo wa kidole. Saruji ile haikuwa mbichi. Ilikuwa na nyufa na mafuta ya mikono ya watu, ya miezi mingi. Vijumba hivyo vilijengwa baba akiwa hai, ameketi sebuleni kwangu. Hakuwa amenichagulia chochote. Alijichagulia, akangoja msiba.

Halafu nikaona mashine. Sakafu ilitikiswa na wachezaji, na ili sindano isiruke alikuwa amebandika sarafu juu ya mkono, sarafu kubwa, kwa gundi. Baba alikuwa akiimba ndani ya mkwaruzo. Nikasogea, nikangoja mwisho wa wimbo. Nilikingoja kikohozi. Ulipita mkwaruzo mtupu, kama wa mchanga, na wimbo ukaisha.

"Mtani!" akasema nyuma yangu, na kunishika bega. "Mbuzi mmoja? Huyo ni wa santuri. Vingine vina mbuzi wao!"

Wachimbaji wote waligeuka kunitazama, vinywa vimeshaanza kufunguka, wakingoja Msukuma atafanya nini. Mtu mmoja akairudisha sindano mwanzo.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, kamba ya mbuzi mkononi, huku wanammega baba.