Bweni la Kwenye Picha

Nilipostaafu ualimu wa sekondari, chuo kimoja binafsi hapa Mwanza kiliniomba nikawasaidie vijana wa ofisi yake ya udahili. Jina lake sitalitaja. Si kwa heshima. Ni kwa sababu vyuo vya namna ile ni vingi, na hili ninalolieleza kila kimoja kingeweza kudhani kinasemwa chenyewe, na kisingekuwa kimekosea.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wengi hawaijui. Kijana akimaliza shule huomba vyuo kadhaa kwa pamoja. Akichaguliwa na kimoja tu, mambo yamekwisha. Akichaguliwa na viwili au zaidi, hutumiwa namba ya siri kwa simu, aiingize kwenye mfumo na kuthibitisha chuo anachokitaka. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, na ukipita, nafasi imekwenda. Kwa hiyo katika kipindi hicho vyuo huwapigia wazazi na watoto simu mchana kutwa, kila kimoja kikivutia kwake, kama wapiga debe wa stendi ya Buzuruga waliomzunguka abiria mmoja, huyu kashika begi, yule kashika mkono.

Kumshawishi mtoto aje kusoma si jambo baya. Mimi nimelifanya maisha yangu yote. Mtoto wa kijijini anayekwenda chuo kwa mara ya kwanza anataka kujua mambo machache: atasoma nini, atalala wapi, akikwama amwendee nani. Ukimjibu hayo kwa ukweli na kwa upole, kazi umeimaliza. Nilidhani ndicho nilichoitiwa.

Ofisi ilikuwa Mirongo, ghorofani, juu ya duka la mabomba na misumari. Iliongozwa na meneja masoko, mtu wa koti lenye beji ya chuo hata kwenye jua la saa saba. Alikuwa na desturi ya kuwaita wanafunzi samaki. Asubuhi alisimama mbele ya vijana wake, akatanua mikono na kusema samaki wameshaingia, sasa tuvute nyavu. Nina shaka kama viatu vyake viliwahi kulowa maji ya ziwa. Ukutani alitundika kengele. Kila mwanafunzi aliyethibitisha aligongewa kengele hiyo na wote wakapiga makofi, watu wazima wenye shahada zao.

Na kila afisa alipewa karatasi ngumu yenye maneno ya kusoma kwenye simu, bila kuongeza wala kupunguza. Ilianza hivi: hongera sana, mshindi wetu, namba yako imechaguliwa. Halafu: nafasi yako itafungwa leo jioni. Halafu, ili kuilinda nafasi hiyo, tafadhali nitajie namba ya siri iliyoingia kwenye simu yako.

Msomaji yeyote wa nchi hii ameshaona tatizo. Hivyo ndivyo wanavyoongea matapeli. Redio, benki na kampuni za simu zimewaambia wazazi wetu kwa miaka mingi kwamba mtu usiyemjua akikupongeza, kisha akakuomba namba ya siri, mkatie simu. Wazazi walikuwa wameelewa somo. Wavuvi wa Ukerewe na wakulima wa pamba wa Magu walikuwa wakitukatia simu kama walivyofundishwa, wengine baada ya kututukana kwa ufasaha mkubwa. Na meneja, ambaye karatasi yake haikuwa na salamu hata moja, aliketi akahitimisha kwamba watu wa kanda hii uelewa wao uko chini.

Nilimweleza. Nimezoea kueleza, nilirudia kwa njia tofauti, nikamwomba ajifanye mzazi, nikamsomea karatasi yake mwenyewe kwa sauti. Alinisikiliza kwa uso wa mtu anayesubiri mvua ikatike. Kisha akasema, "Mama mwalimu, hayo ni ya darasani. Hapa ni sokoni."

Afisa mmoja, binti wa Magu aliyekuwa kwenye ajira yake ya kwanza, alinijia siku moja uso umemshuka. Kulikuwa na msichana wa Muleba, kule Kagera, aliyechaguliwa kwetu kusoma famasia, na chuo kingine cha mbali kilimchagua kusoma ualimu. Msichana alitaka famasia. Alikuwa ameazima simu ya jirani ili kutuambia hivyo, na kutuambia pia kwamba namba ya siri imo kwenye simu ya baba, na baba hamruhusu aiguse. Tangu tulipompigia na zile hongera, mzee aliamini chuo chetu hakipo duniani. Kile cha mbali hakikuwahi kumpigia, na kwa sababu hiyo tu alikiona ni cha kweli. Muda ulikuwa unafungwa Ijumaa, na baba alishasema atathibitisha ualimu.

Mimi nilikuwa mwalimu, na kazi ile naipenda. Nimekaa pia ofisi moja na watu walioingia ualimu kwa kukosa njia nyingine, na nimeona walivyowafanyia watoto wa watu. Sikutaka msichana yule aongezeke kwenye kundi hilo kwa sababu ya karatasi ya mtu wa masoko.

Ushauri wa meneja ulikuwa apigiwe tena kwa namba nyingine na aambiwe nafasi inafungwa leo. Binti alikuwa ameshafanya hivyo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu, "Binti, una sauti nzuri sana. Tafuta kazi."

Nilimwambia aiweke ile karatasi kando. Nikamfundisha kama ninavyomfundisha mtoto kuanza barua: salimia kwanza, sema wewe ni nani na uko wapi, usiombe kitu. Mwambie namba ile asimpe mtu yeyote, hata sisi. Halafu nyamaza, mwache yeye aulize.

Akapiga. Baada ya shikamoo, marahaba ilikuja imevutwa. Binti akamwambia yeye ndiye aliyeshauriwa atafute kazi, na kwamba kazi yenyewe ndiyo hii. Upande wa pili mtu alikohoa kama anayezuia kicheko. Mzee hakuuliza habari za ada wala za walimu. Aliuliza mwanawe atalala wapi.

Hapo karatasi ilisema: kwenye bweni letu la kisasa lenye mandhari ya ziwa. Bweni hilo lilikuwa kwenye vipeperushi vyetu vyote, jengo la ghorofa lenye mapazia meupe. Nilipoanza kazi niliuliza liko wapi nikalione, nikaambiwa picha imetolewa mtandaoni. Ukiitazama vizuri, kwenye miti ya nyuma kulikuwa na weupe fulani ambao mtengenezaji alijaribu kuufuta. Ilikuwa theluji. Ziwa lilikuwepo kweli kwenye picha, ila halikuwa letu.

Binti alinitazama, nikamtikisia kichwa asiisome. Akamwambia, "Baba, njoo uone kwa macho yako kabla hujaamua."

Alhamisi walishuka stendi ya Nyegezi na kutufuata Mirongo, baba na binti yake. Alikuwa mtu mkavu, mkulima wa kahawa, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Meneja aliwapokea kwa mikono miwili, akawapa soda na kipeperushi. Mzee akatoa miwani, akaitazama ile picha kwa muda, kisha akaomba waanzie hapo.

"Jengo hilo liko kwenye mpango mkakati wetu, mzee wangu."

"Mwanangu hawezi kulala kwenye mpango."

Alisema bila ukali. Akakikunja kipeperushi, akakirudisha mezani, akasimama. Msichana alikuwa anaangalia sakafu. Meneja akaendelea kutabasamu na kusema chuo kina washirika wa malazi, maneno ambayo mpaka leo sijui yana maana gani, na sidhani yeye alijua.

Nikamwambia mzee kwamba bweni hatuna na hatujawahi kuwa nalo. Maabara tunayo, na walimu wa famasia nimekaa darasani mwao nikawasikiliza, wanafundisha vizuri. Hilo naweza kulisimamia. Wanafunzi wengi wanapanga vyumba Buswelu. Vingine ni vizuri, na vingine nisingemlaza mbuzi. Meneja alinitazama kana kwamba nimetapika juu ya zulia lake.

Mzee akavaa kofia. "Nionyeshe vya aina zote mbili," akasema.

Nikampeleka. Tulianza na kibaya: mlango usio na komeo, choo kinachotumiwa na wateja wa baa ya jirani. Aliingia, akatoka, na mtoto akazidi kunywea. Kisha tukaenda kwa mjane mmoja, muuguzi mstaafu aliyetoka Kagera, anayepangisha wasichana vyumba vya uani. Mama yule hakuwa na haraka ya kumpata mpangaji. Alimhoji mzee kuliko mzee alivyomhoji yeye: parokia gani, mtoto anajua kupika, ni wa kurudi kabla ya giza au ni wa kusemwa. Waliingia kwenye Kihaya wakaniacha nje, nami nikafuatilia kwa vichwa vilivyokuwa vikitikiswa. Mzee alivuta nondo za dirisha. Alifungua bomba la uani akasubiri hadi maji yalipotoka, akayaacha yatiririke kidogo, akafunga.

Ndipo akatoa simu mfuko wa ndani na kumpa binti yake. "Ingiza mwenyewe. Ile unayoitaka."

Msichana aliketi kwenye kitanda kisicho na godoro, akaingiza namba kwa kidole kimoja, polepole, kama anayeogopa kuiamsha simu. Alipomaliza alituonyesha kioo sote watatu, mmoja mmoja. Famasia ilikuwa imethibitishwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nilimwona akitazama mtu usoni.

Tuliporudi ofisini kuchukua maelekezo ya siku ya kuripoti, meneja aligonga kengele mwenyewe na kuwahimiza vijana wapige makofi. Akawatangazia kwamba huo ndio uvumilivu wa kuvuta nyavu. Kisha akamwomba mzee asimame kando ya bango la chuo, atengenezewe video fupi ya kuwekwa mtandaoni, aseme tu kwa maneno yake kwa nini amekichagua chuo hiki.

Mzee alikubali. Alivua kofia, akajiweka sawa, akaitazama simu ya meneja kwa adabu kubwa.

"Nimekichagua," akasema, akinielekezea kofia, "kwa sababu huyu mama ameniambia bweni hamna."

Meneja akacheka, akasema turudie, ila safari hii aanzie kwenye ubora wa elimu. Mzee akaitikia. Akasubiri aambiwe tayari, akaanza na ubora wa elimu, akasema hajauona bado maana mtoto hajaanza, lakini amekichagua chuo kwa sababu huyu mama amemwambia bweni hamna. Vijana wa udahili walikuwa wameinamia meza zao, mabega yakitetemeka. Meneja akaomba mara nyingine, fupi zaidi, na mzee, ambaye hakuonyesha kuchoka hata kidogo, akaifupisha: bweni hamna, nimeambiwa ukweli, basi.

Meneja aliirudisha simu mfukoni, akasema mwanga haukuwa mzuri.