Nitamfumua Yule Mamba

Bibi Cherehani, fundi ambaye sketi za nusu ya mtaa zimepita mikononi mwake, hakuwahi kumsamehe yule mamba. Ndiye aliyemla mdogo wake mtoni wakiwa wasichana, mmoja akisuuza shuka, mwingine akianika. Baadaye wawindaji walimuua mamba, na habari zikaenea kuwa amepelekwa chuo kikuu akakaushwe na kujazwa. Tangu hapo, kila bibi alipokasirika alisema neno moja tu: "Nitamfumua!" Watu walidhani anatisha bure, kama walevi wanavyotishana. Kumbe mwenzao alikuwa anasema kifundi.

Mjukuu wake alipopata nafasi katika chuo hicho, bibi hakuuliza habari za masomo.

"Hapo chuoni kwenu kuna jumba la wanyama waliokufa?"

"Lipo, Bibi. Linaitwa makumbusho."

"Basi Jumamosi unipeleke."

Akavaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Humo jumbani kulinuka dawa ya nondo, na mlinzi alikuwa akisinzia kwenye kiti cha plastiki. Bibi alimpita twiga bila kumpa hata jicho, akawapita nyani na ndege, mpaka akamkuta mamba juu ya jukwaa la mbao, mdomo wazi, macho ya kioo. Hasira ikampanda upya, kana kwamba zile shuka bado zinachuruzika maji.

"Umenenepa," akamwambia. "Mdogo wangu hakupata hata kaburi, wewe umepewa kitanda na taa juu."

Akainama. Ubavuni palikuwa na mshono mrefu, kazi ya lipualipua ambayo yeye angeona aibu kumkabidhi mteja. Akatoa wembe wake wa kufumulia kwenye pindo la mtandio, akaanza. Uzi wa kwanza ukakatika, wa pili ukafuata, maranda yakamwagika sakafuni. Raha aliyoisikia hakuwahi kuipata hata siku ya ndoa yake.

Mjukuu alikuwa akisoma kibao kilichobandikwa jukwaani. Akashika mdomo.

"Bibi, acha! Si yeye! Huyu aliletwa hapa kabla hata wewe hujazaliwa. Tena alitoka ziwani, si mtoni kwenu!"

Wembe ukasimama. Kwa hiyo yule wake hakufika hapa kabisa. Pengine aliishia kuwa mikoba na viatu vya watu wasiomjua. Umri wote huo alikuwa ametunza hasira ya kumwekea mgeni. Machozi yakamlenga.

Mlinzi naye alikuwa ameamka, anakuja mbio huku akivuta suruali juu.

"Bibi! Bibi, unafanya nini hapo?"

Bibi Cherehani hakumgeukia. Alikuwa akimtazama mamba usoni.

"Kama si yeye, basi ni ndugu yake," akasema. "Na mimi aliniulia ndugu."

Akakata nyuzi zilizobaki.