Fundi wa tovuti aliyekwama kwenye ukurasa wake mwenyewe

Saa tatu asubuhi, mwanamke mmoja ameketi mbele ya kompyuta iliyofunikwa kitambaa cheusi. Ni kipande cha bitana, mabaki ya koti aliloshona mumewe, na amekibana juu ya skrini kwa vibanio viwili vya kuanikia nguo. Vidole vyake vinatembea kwenye kibodi. Kompyuta inamsomea ukurasa kwa sauti, tena mbio mbio: kichwa cha habari, menyu, viungo vitano, kitufe.

Mgeni aliyeketi pembeni kumtazama anaambulia neno moja moja. Mwanamke anaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, na anaendelea na kazi.

Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na minne kati ya hiyo ameitumia kutengeneza tovuti. Wateja wanamwita Bi Lebo, kwa sababu ya ubishi wake mmoja tu. Hakubali kitu chochote kikae kwenye ukurasa bila jina, na jina lenyewe lazima liseme kazi ya kitu hicho, si sura yake. Kitufe cha kutuma kiitwe kitufe cha kutuma. Kisiitwe boksi la kijani, maana kesho mteja ataamka anataka la bluu.

Jicho lake la kushoto halioni tena. La kulia limebakiwa na uwazi mdogo katikati, mithili ya mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Daktari amemwambia ajiandae. Ndiyo sababu ya kitambaa: anajifunza kazi yake upya wakati bado anaweza kukifunua akikwama.

Chumba cha mbele ni cha mumewe, fundi cherehani. Sakafu imejaa vipande vya suti, kila kimoja kimeandikwa kwa chaki: mgongo, kola, mkono wa kushoto.

“Nikiacha vipande vitupu, kesho sijui kipi ni cha nani,” anasema mume bila kuinua macho. “Mwenzangu kasoma miaka mitatu kuja kujua nilichofundishwa siku ya kwanza.”

Sauti ya mkewe inatoka chumba cha nyuma kumkumbusha kwamba suti zake huvaliwa na mtu mmoja mmoja, lakini ukurasa mmoja hufunguliwa na watu elfu. Mume anacheka. Utani wao wa asubuhi huwa ni huo huo, na hukatika pale tu kliniki ya macho inapotajwa.

Miaka minane iliyopita, Bi Lebo alipewa kazi ya kutengeneza tovuti ya kliniki hiyo. Wakati huo hakuwa na jina hilo la utani wala ubishi huo. Alilipwa pesa iliyotosha kodi ya nyumba ya miezi minne, na akajenga ukurasa kama wengi walivyojenga: upendeze machoni, basi. Kila kitu kilikuwa boksi au picha. Kwenye maandishi ya ndani, yale ambayo mgeni wa ukurasa hayaoni, aliyapa maboksi majina ya haraka haraka. Boksi la kijani. Boksi la kijani jipya. Boksi la kijani la mwisho. Boksi la kijani la mwisho kabisa.

Chini ya fomu ya kuombea miadi aliweka vitufe viwili, vyote vya picha. Alama ya tiki ilikuwa ya kutuma, alama ya msalaba ya kufuta. Mwenye macho haulizi. Lakini programu inayomsomea asiyeona haitambui mchoro. Inasema kile tu ambacho fundi amekiandika nyuma ya picha, na yeye hakuandika kitu. Vitufe vyote viwili vikawa vinatajwa kwa neno moja, “picha”.

“Nilikuwa na haraka,” anasema. “Na ukurasa ulipendeza kweli. Mganga mkuu alinisifu mbele ya watu, nikarudi nyumbani kichwa kimevimba.”

Miaka miwili iliyopita kliniki iliacha kutoa miadi dirishani. Kila anayetaka kumwona daktari sasa aombe kwenye ukurasa. Inasikitisha kusema hivi kuhusu kliniki ya macho, lakini hakuna aliyejiuliza asiyeona vizuri ataombaje.

Wakati huo Bi Lebo mwenyewe alikuwa tayari mgonjwa wa hapo. Ana presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni. Mwaka jana mumewe aliondoka wiki mbili kwenda kumzika shangazi yake. Matone ya Bi Lebo yalikuwa yanakaribia kwisha, na maandishi madogo alikuwa hayaoni tena, kwa hiyo akafungua ile programu imsomee. Alijaza jina, simu na tarehe. Alipofika chini akasikia: picha, picha.

Hakubabaika, maana ukurasa ni wake. Alikumbuka kwamba kitufe cha kutuma kilikuwa cha kwanza, akakibonyeza. Kompyuta ikanyamaza, naye akachukulia kwamba ombi limekwenda.

Cha kwanza kilikuwa cha kufuta.

Siku ya miadi alifika mapema, akakaa kwenye benchi mpaka saa sita. Jina lake halikuwemo. Karani wa miadi alimwambia kwa upole kwamba pengine alisahau kuomba, na nafasi iliyokuwa karibu ni ya baada ya wiki saba. Duka la dawa lilikataa kumuuzia matone bila cheti kipya. Akarudi nyumbani, akakaa wiki saba bila dawa, na alipoingia kwa daktari jicho la kushoto halikutofautisha tena dirisha na ukuta.

Daktari wake ni mwangalifu wa maneno. Anasema ugonjwa huu hauna saa, na hawezi kuapa kwamba ni wiki hizo ndizo zilizolimaliza jicho. Anachoweza kusema ni kwamba hazikusaidia.

“Mimi nasema ndizo,” anasema Bi Lebo.

Jioni ya siku ile alifungua maandishi ya ndani ya ukurasa, akayakuza mpaka neno moja likajaa skrini nzima. Akakutana na boksi la kijani la mwisho kabisa, lile la kufuta, likiwa limetangulia la kutuma. Hakuhitaji kuuliza ni kazi ya nani. Kwa siku nne hakumwambia mumewe, naye mume akadhani mkewe analilia jicho tu.

“Niliona aibu kuliko nilivyoona uchungu,” anasema. “Ningekuta ni kosa la mtu mwingine, ningemlaani nikalala.”

Aliandika barua tatu kwa kliniki akiomba kuurekebisha ukurasa bure. Barua mbili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwamba tovuti iko chini ya kampuni yenye mkataba, na kwamba wagonjwa wengine hawalalamiki.

Hapo ndipo karani alipoingia. Ni mtu mpole mwenye miwani mizito, na kwenye droo yake kulikuwa na daftari la kurasa themanini. Tangu miadi ihamie kwenye ukurasa, alikuwa akiandika humo kila mtu aliyefika akishikilia kwamba aliomba na jina lake halipo. Juu ya jalada ameandika kwa kalamu nyekundu: Wabishi. Watu wenyewe ni mia mbili na kumi na mmoja.

“Tulidhani wanatudanganya,” anasema karani. “Mmoja alikuja na mjukuu wake, nikamwambia mzee, kubali tu umesahau. Akanijibu kwamba amezeeka lakini hajawa mwongo. Nikamrudisha.”

Bi Lebo alipomweleza kuhusu zile picha mbili, karani alilichukua daftari, akaliweka juu ya meza ya mganga mkuu na kusimama hapo hapo mpaka likafunguliwa. Wiki iliyofuata Bi Lebo alipata ruhusa. Vitufe vya kweli vikachukua nafasi ya zile picha, kila kimoja na jina lake, na kila kisanduku cha kujazia kikapata lebo. Mtu akituma sasa, ukurasa unamjibu kwamba ombi limepokelewa. Kazi yote ilichukua dakika arobaini.

Dakika hizo hazimtoki kichwani. Ana orodha ya tovuti thelathini na moja alizojenga miaka ile, na mpango wake ni kuzirudia zote kabla jicho la kulia halijafunga. Amemaliza tisa. Wateja kumi na wawili hawapokei simu, na mmoja alimjibu kwamba ukurasa ukifanya kazi hauguswi. Daktari anamkadiria mwaka mmoja, labda na nusu.

Lakini kila Jumatano asubuhi anaziacha tovuti, anashikwa mkono na mumewe mpaka kliniki. Daftari haliruhusiwi kutoka ofisini, hivyo anakaa upande wa ndani wa dirisha, karibu na karani. Karani anapiga namba, kisha anamkabidhi simu. Bi Lebo anajitambulisha kuwa ni fundi aliyetengeneza ukurasa, na kuwaambia wagonjwa kwamba siku ile hawakusahau kuomba wala hawakusema uongo. Kisha anaomba radhi, na karani anawapangia miadi mipya papo hapo.

Mpaka sasa wamewapata kumi na saba. Watatu kati yao walisema hawana haja tena ya miadi, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kutibu.

Jumatano hii wanaanza na mzee aliyekuja na mjukuu. Simu inaita muda mrefu. Anapokea msichana, anasikiliza maelezo yote mpaka mwisho, halafu anasema babu yake alifariki mwezi wa pili. Anauliza kama yeye anaweza kwenda kumwambia bibi maneno hayo, kwa sababu babu aliyasema hayo hayo mpaka mwisho na nyumbani hakuna aliyemwamini.

Bi Lebo anamwambia amwite bibi, atamwambia mwenyewe. Anashika simu kwa mikono miwili na kusubiri.