Jiwe la Njia Nzima ya Moshi

Mama yangu alitakiwa alazwe saa nne asubuhi, ili kesho yake atolewe uvimbe kwenye titi. Nilipofika dukani kwake Kariakoo saa mbili na nusu kumchukua, nilimkuta amefunga begi la safari, na tiketi ya basi la Moshi inachungulia kwenye pochi.

"Shikamoo mama. Tiketi ya nini hii?"

"Marahaba. Naenda nyumbani. Kuna jiwe linakuja, bora linikute kwetu."

Akanisikilizisha ujumbe wa sauti uliokuwa ukizunguka kwenye simu za wenye maduka. Mtu asiyejitaja alidai kwamba Vesta, mwamba wa angani, moja ya asteroidi kubwa kuliko zote, imeacha njia yake na mwezi huu itaiangukia dunia. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hasira zangu ziko karibu. Daktari alishatuonya kwamba tukiikosa nafasi ile tungesubiri miezi, na uvimbe ungeendelea kukua.

Ningeweza kumbembeleza. Badala yake nikachukua chaki ya kukatia vitambaa, nikaanza kipindi. Kikombe cha chai nikakiweka katikati ya kaunta kikawa jua, kifungo kikawa dunia. Nje yake nikachora njia ya Mirihi, mbali zaidi nikachora njia ya Mshtarii, na kati ya hizo mbili njia ya Vesta.

"Inazunguka hapa, miaka mitatu na nusu na ushee kumaliza duru moja. Hata ikilikaribia jua namna gani, bado iko nje ya Mirihi. Sisi tuko huku ndani. Itatugongea wapi?"

"Ni kubwa kiasi gani?"

"Upana wake ni kama kutoka hapa mpaka Moshi."

Barabara ile ameisafiri kila Desemba tangu sijazaliwa. "Njia nzima?"

"Njia nzima."

"Na kitu chote hicho hakuna anayekishika?"

"Jua linakivuta, mama! Na mwendo wake haukiachi kianguke."

Mteja akaingia kuulizia vitenge. Mama akamkunjulia jora moja baada ya jingine, taratibu, mkono wa kushoto ameubana ubavuni. Ikawa saa tatu na robo. Nilitamani kumfukuza yule mteja. Alipotoka, nikaipiga kaunta kwa kiganja.

"Jiwe haliji! Mtu mzima unakimbia ujumbe wa simu?"

"Najua haliji," akasema. "Nilijua tangu jana."

"Sasa tiketi ya nini?"

"Ningekwambia naogopa kisu, ungenigombeza. Jiwe ndilo lingekufanya ukae uzungumze na mimi."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Miezi yote ya vipimo, kila alipoanza kuuliza nilimkatisha, eti namtia moyo. Nikakaa juu ya robota la vitenge, nikamwambia ukweli: hata mimi naogopa, usingizi umeniruka, na kuhusu kesho sina cha kumchorea.

"Nisipoamka?"

"Nitakupeleka nyumbani mwenyewe."

Akanipa funguo.

"Funga duka, twende. Lakini huko hospitali ukae tu karibu yangu, Mwalimu. Usinifundishe kitu."