Matofali ya Nyumba ya Baba

Nyumba ya marehemu baba kule Kasense ilipobomoka kwa mvua, nilitaka kukodi lori likamwage kifusi bondeni. Mama akakataa.

"Matofali hayo yaliiva vizuri," alisema. "Tuyapeleke pale barabarani magari yanapokwama."

Majirani walikuja na mikokoteni. Tuliyaponda, tukayashindilia kwenye tope, kisha tukafunika kwa mabonge ya lami kuukuu iliyong'olewa mjini, ambayo msimamizi wa barabara alituachia bure.

Masika yaliyofuata mke wangu alishikwa na uchungu. Bajaji ilipita pale bila kukwama, akajifungua salama hospitalini.

Nilipomshukuru mama, alisema niwashukuru majirani. Nimewashukuru wote, lakini nilianza na yeye.